Sifa Iliyochelewa

Mtu akisingiziwa leo, kesho akaombwa radhi mbele ya watu, hesabu yake na wenziwe huchukuliwa kuwa imekwisha. Kazi ya sanaa iliyokataliwa siku ilipozaliwa, kisha ikasifiwa baada ya robo karne, haina hesabu nyepesi kama hiyo. Aliyekosa ni nani, na aliyekosewa ni nani? Na sifa inapofika kwa kuchelewa kiasi hicho, hulipa deni la nani?

Maswali haya ni ya kale, na aghalabu huulizwa juu ya washairi na wachoraji waliokufa maskini. Lakini kifo cha msanii hurahisisha mambo kupita kiasi: aliyekufa hawezi kujibu, na walio hai humlilia kwa raha. Yafaa basi kuchukua mfano ambao wahusika wake waliishi hata wakaisikia sifa kwa masikio yao wenyewe. Mfano huo ni santuri ndefu iitwayo Dazzle Ships, iliyotolewa Uingereza mwezi wa Machi 1983 na kikundi cha Orchestral Manoeuvres in the Dark, ambacho wapenzi wake hukiita kwa ufupi OMD.

Kikundi hicho kilianzishwa mwaka 1978 na vijana wawili, Andy McCluskey na Paul Humphreys, wenyeji wa Wirral, rasi inayotazamana na Liverpool ng'ambo ya mto Mersey. Ala yao kuu ilikuwa sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachozaa sauti zisizotoka katika uzi, ngozi wala zumari. Mikononi mwa wengi ala hiyo ilikuwa na ubaridi wa chuma. Wao waliifanya iomboleze. Mwaka 1980 walivuma kwa wimbo Enola Gay, wenye jina la ndege iliyoangusha bomu la atomiki juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Watu waliucheza katika kumbi za dansi, na uzito wa jina hilo haukuizuia miguu yao. Mwaka 1981 ikafuata santuri ndefu ya Architecture & Morality, yenye sauti za kwaya na ukungu mwingi, na nyimbo mbili juu ya Joan wa Arc. Nyimbo tatu za santuri hiyo ziliingia katika tano bora za Uingereza. Kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, ziliuzwa nakala zaidi ya milioni tatu. Kampuni na wasikilizaji wote wawili walikaa wakingoja nyingine ya namna ile ile.

Walicholetewa kilikuwa kitu kingine. Dazzle Ships hufunguliwa kwa alama ya kituo cha Radio Prague, sauti ya dola iliyokuwa upande wa pili wa Pazia la Chuma. Karibu na mwisho huja saa za simu za nchi mbalimbali, kila moja ikitaja wakati kwa lugha yake, zikipandana hata maana ipotee na ubakie mwendo tu. Katika wimbo wa Genetic Engineering husikika Speak & Spell, chombo cha watoto cha kujifunzia tahajia kilichotengenezwa na kampuni ya Texas Instruments, kikitamka maneno kwa koo lisilo na damu. Baina ya vipande hivi vya kelele na matangazo zimo nyimbo kamili, nyingine tamu sana. Santuri nzima haifiki dakika arobaini.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mengi juu ya sauti hizo za redio. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Peking mwaka 1961, ya Ujerumani Magharibi mwaka 1963. Na kwa miaka mingi mkono uliogeuza kitufe usiku katika masafa mafupi ulipita miji mikuu ya dunia kama anayepita milango ya mtaa mmoja. Sauti zilikuja na kupungua kama maji kujaa na kupwa. Mzee aliyesikiliza hivyo angeitambua nusu ya Dazzle Ships bila ya kujua neno la Kiingereza.

Jina la santuri lilitoka katika picha ya Edward Wadsworth ya mwaka 1919, inayoonyesha meli zilizopakwa mistari zikiwa ndani ya gudi huko Liverpool. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Norman Wilkinson, mchoraji na mwanamaji, alishauri mwaka 1917 kwamba kwa kuwa meli haiwezi kufichwa baharini, basi ichanganye jicho la adui. Nahodha wa nyambizi hakulenga mahali meli ilipo. Ilimpasa kukisia itakapokuwa wakati topido litakapofika. Mistari mikali nyeusi na nyeupe iliyokatana pande zote ilikusudiwa kumfanya akosee mwendo wake na mwelekeo wake. Wadsworth mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosimamia upakaji wa meli hizo bandarini. (Kama rangi ziliokoa meli kweli, halikuthibitika, wakuu wa jeshi la majini walipopima takwimu hawakuona faida iliyo wazi, ila mabaharia walijisikia salama zaidi. Pengine wapo wasanii wengi ambao faida ya kazi yao ni ya namna hii.)

Mwaka 1983 jicho lililochanganyikiwa lilikuwa la rafiki. Santuri ilipanda hadi nafasi ya tano kwa nguvu ya jina la waliotangulia, kisha ikazama. Wimbo wake wa kwanza kutolewa peke yake ulifika nafasi ya 20, wa pili ukaishia nafasi ya 42. Mauzo hutajwa kuwa nakala laki tatu hivi, yaani sehemu moja katika kumi ya yale yaliyotangulia. Mwaka uliofuata kikundi kilitoa Junk Culture, ambayo sehemu yake ilirekodiwa katika kisiwa cha Montserrat, na ambayo imejaa jua na tarumbeta. Mwaka 1986 kikapata wimbo uliofika nafasi ya nne Marekani kwa msaada wa sinema. McCluskey amepata kukiri hadharani kwamba pigo la Dazzle Ships liliwatia woga, wakaanza kutunga kwa tahadhari.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2008 santuri ilitolewa upya, mkanda wake ukiwa umesafishwa na kuongezewa vipande vilivyoachwa nje. Wahakiki wakaandika juu yake kwa heshima, na wanamuziki wadogo wakaitaja kuwa mwalimu wao. Mwezi wa Novemba 2014 ilipigwa katika Jumba la Makumbusho la Liverpool, mwaka ambao watu walikumbuka miaka mia tangu vita vile kuanza. Mwaka 2023, ikitimiza miaka arobaini, ikatoka tena na nyongeza nyingine. Neno lililorudiwa mno katika sifa hizi ni kwamba haki imetendeka.

Neno hilo ndilo linalotaka kupimwa. Haki hutendeka palipokuwa na dhuluma. Je, aliyeacha kununua Dazzle Ships mwaka 1983 alidhulumu? Mwaka ule watu zaidi ya milioni tatu hawakuwa na kazi Uingereza, na Liverpool iliumia kuliko miji mingi. Kijana aliyeshika fedha zake chache dukani hakuwa na mkataba na OMD. Aliipenda santuri ya kabla, akaisikia hii, akairudisha mahali pake. Hakuvunja ahadi yoyote. Wala wao hawakumwahidi kwamba wataimba juu ya Joan wa Arc maisha yao yote. Msanii asiye huru kugeuka ni mtumwa wa kazi yake ya jana. Basi kila upande ulitumia uhuru wake kwa haki, na hasara ikatokea hata hivyo. Hasara isiyo na mkosaji ni jambo ambalo moyo wa binadamu huliona gumu kulivumilia. Kwa hiyo humtafuta mkosaji, na asipompata humbuni. Mhakiki ana wajibu zaidi, kwa kuwa hulipwa ili asikilize mara ya pili. Lakini hata yeye hana wajibu wa kupenda.

Tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba deni lilikuwapo. Alistahili kulipwa nani? McCluskey na Humphreys walikuwa na miaka ishirini na mitatu kila mmoja santuri ilipotoka. Waliohitaji sifa ni vijana wale wawili, ili wathubutu tena. Mwaka 2008 sifa ilimfikia McCluskey akikaribia miaka hamsini, na ushujaa ambao ingeulisha ulikwisha kulala. Santuri ambayo ingefuata Dazzle Ships kama watu wangeipokea haikutungwa, na hakuna chapa mpya inayoweza kuitoa. Wapenzi huililia. Katika kilio hicho mna upungufu wa busara, maana kitu kisichotungwa hakina kasoro, na huenda santuri ile ya kuwaziwa isingekuwa na lolote.

Pana na kiburi kidogo ndani ya mapenzi haya, nacho hakifai kufichwa. Aliyeipenda kazi wakati wengine wameiacha hujiona kama mwenye jicho la tatu. Kazi inaposifiwa na wote hufurahi, lakini pia hunyang'anywa kitu. Na katika kuitetea husahau kasoro zake. Kweli ni kwamba watungaji walikuwa na uhaba wa nyimbo: The Romance of the Telescope na Of All the Things We've Made zilikwisha kutolewa katika upande wa pili wa santuri ndogo za 1981 na 1982, na Radio Waves ilirithiwa kutoka kikundi chao cha awali kilichoitwa The Id. Baadhi ya vipande vya kelele huziba mapengo. Mwenye kuyajua haya akaendelea kuipenda The Romance of the Telescope, kwa ngoma zake zinazotembea kama msafara wa mazishi na kwaya inayopanda taratibu juu yake, huyo mapenzi yake hayana shaka. Anayekana kasoro ameanza kuipenda hukumu yake mwenyewe.

Lakini liko jambo zito kuliko kiburi, nalo halisemwi na wanaosherehekea chapa mpya. Mwaka 1983 alama ya Radio Prague haikuwa kumbukumbu. Ilikuwa sauti hai ya upande ambao makombora yalielekezwa. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule makombora ya Marekani ya aina ya cruise yaliwasili katika kambi ya Greenham Common, na wanawake walikuwa wamepiga kambi langoni kuyapinga. Aliyeweka santuri ile nyumbani kwake aliletewa sebuleni hofu ambayo alinunua muziki ili aisahau kwa nusu saa. Alikuwa na sababu ya kukunja uso. Chekoslovakia yenyewe iligawanyika tarehe 1 Januari 1993. Radio Prague ilinyamaza katika masafa mafupi mwaka 2011. Anayesikiliza leo huisikia sauti ile kama mtu anayetazama picha ya nyumba iliyobomolewa: huona uzuri wake, na hamwogopi tena aliyekuwa akiishi ndani. Saa za simu nazo zimekuwa mashairi, kwa kuwa wengi hawazipigii tena kuuliza wakati.

Ikiwa ndivyo, yawezekana kwamba waliokataa mwaka 1983 waliisikia kazi hii kwa ukweli zaidi kuliko wanaoisifu sasa. Waliikataa yenyewe, nzima, ikiwa na meno. Sifa ilikuja meno yalipong'oka. Si kwamba wasifu wa leo ni wanafiki. Sauti hizo hazina budi kubadilika watu wanapobadilika. Ila mtu asiseme upesi mno kwamba vizazi vya baadaye vina masikio bora. Huenda vina hofu tofauti tu, na santuri inayozigusa hofu hizo imetoka mwaka huu huu, nayo inarudishwa dukani.

Sehemu moja ya Dazzle Ships haijalainika kiasi hicho. Wimbo uitwao International huanza kwa sauti ya mtangazaji wa habari, naye hutaja msichana wa Nicaragua aliyekatwa mikono. Hayo ni maneno ya taarifa, yamesomwa kwa sauti ile tulivu ambayo watangazaji wa kila nchi hufundishwa. Baada yake huja muziki, na ni muziki mzuri. Kama ilikuwa halali kuyaweka maumivu ya msichana yule kuwa mlango wa wimbo, wapenzi wa OMD hawajakubaliana, na ni afadhali wasikubaliane. Wako ambao huenda walizima mwaka 1983 waliposikia. Mwenye chapa mpya huyasikia maneno hayo bila ya mikwaruzo, neno kwa neno, kwa kuwa mkanda umesafishwa. Kisha hungoja ngoma zianze.