Sauti Nyororo

Watu wa pwani huiita nyororo sauti isiyokwaruza sikio. Si lazima sauti hiyo iwe ya chini. Adhana ya alfajiri katika kijiji cha Mkwaja, kusini ya Pangani, huweza kuwa nyororo na ikafika mbali. Na mnong'ono huweza kuwa mkavu kama kifuu. Nyororo, basi, ni sifa ya umbile la sauti, wala si ya kipimo chake. Husemwa pia mkono mwororo na ngozi nyororo, kana kwamba sikio nalo lina vidole. Mwenzake, laini, alitoka katika Kiarabu, wala hageuki kwa kufuata jina lolote.

Je, mwenye sauti nyororo ni mwema? Wengi hukata hukumu hiyo kwa sikio tu. Katika sura ya Taha, Musa na Haruni waliamrishwa wamwendee Firauni kwa maneno laini, na Firauni hakulainika. Upole ule haukuwa sifa ya aliyeambiwa. Ulikuwa haki yake, dhalimu ajapokuwa.

Lakini pwani hii ina sababu ya kusita. Nyororo ni jina jingine la mnyororo, chuma kilichofunga shingo za watu. Haifai kudai kuwa maneno haya mawili ni ya asili moja, maana kufanana si nasaba. Hata hivyo sikio la Pangani liliyazoea yote mawili. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja, na magendo yakaendelea kutoka pwani hii kwenda Pemba, ambako mashamba ya karafuu yalitaka mikono. Magendo hayapigiwi kelele. Yumkini mateka wengi waliingizwa chomboni kwa sauti ambayo mpita njia angaliisifu.

Katika ufuko wa Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005, kasa hupanda usiku kutaga. Mchanga anaoufukua huanguka kwa sauti nyororo sana. Mlinzi huisikia, na mwizi wa mayai huisikia vile vile; wote wawili hunyata, na wakisema, husema kwa upole ule ule. Atakaye kujua yupi ni yupi hana budi kungoja kupambazuke, akatazame kiota.