Nani Alipe Faini?

Kuna hukumu moja ya Marekani ambayo kila nikiikumbuka nacheka, halafu kicheko kinaniishia njiani.

Ni ya mwaka 2013, mahakama ya rufaa ya Chicago. Wamarekani fulani walikuwa na akaunti UBS, benki ya Uswisi, na hawakuitaarifu serikali yao. Mwaka 2009 benki ikabanwa, ikakubali kulipa dola milioni 780 na kutoa majina ya baadhi ya wateja. Hao wengine kuona vile wakajisalimisha, wakalipa kodi, riba na faini. Kisha wakaigeukia benki mahakamani: mbona hamkutuonya? Turudishieni faini zetu! Jaji Richard Posner akawajibu kwamba hiyo ni sawa na mtu kuwadai wazazi wake faini ya kodi, eti walimlea vibaya akawa mkwepa kodi.

Nilikuwa upande wa jaji, na bado nipo. Benki haikuwa malaika, ilikula faida ya siri ile. Lakini fomu ya kodi ya Marekani inamuuliza mtu waziwazi kama ana akaunti nje ya nchi. Kalamu alishika mwenyewe.

Basi, hoja yangu ya kalamu ikanirudia nyumbani.

Mjomba wangu alitozwa faini kijijini kwa kulima eneo lililotengwa kwa malisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka ardhi ya pamoja ya kijiji ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, siyo wakubwa wachache. Na ilipitishwa kweli. Mjomba alikuwepo.

“Nilinyoosha mkono, mwanangu. Kila mtu alinyoosha.”

“Ramani uliiona?”

“Ilitundikwa pale ukutani. Ina rangi nzuri.”

Sasa hapo nisemeje? Kwa hoja yangu mwenyewe, mjomba ana hatia, mkono ni wake. Ila siwezi kuwaweka kapu moja yeye na yule mwenye akaunti Uswisi. Yule alielewa swali, na ukimya ulimfaidisha. Mjomba hakuulizwa swali kwa namna anayoielewa. Hakuna aliyemtembeza shambani akamwambia mpaka wa malisho unapita hapa, unakata shamba lako katikati. Aliyeichora ramani alijua, akanyamaza, akaondoka na gari lake. Huyu ndiye ningependa kumwona mbele ya Posner, maana ule mfano wa wazazi sidhani ungemkinga.

Faini ililipwa kwa mbuzi wawili. Stakabadhi mjomba kaiweka kwenye kopo la majani ya chai, na nilipokwenda mara ya mwisho aliitoa nimsomee kosa lake. Nikasoma: kuvamia eneo la malisho.

“Kuvamia?” akauliza. “Ile mikorosho si alipanda babu yako?”