Jicho la Angani Halimjui Ndama

Wanangu, kaeni kwanza mpumzike. Tangu asubuhi mnazunguka vihambani na simu zenu, mkichukua nukta ya kila shamba la kahawa ili chama cha msingi kisikose soko la Ulaya. Nimewasikia mkisema, "Babu, sasa hakuna wa kudanganya, setilaiti inaona kila kitu." Mwili wangu umechoka, ila neno hilo siwezi kuliacha lipite.

Yaliyo kweli nayakubali. Tazameni Brazili, kwenye msitu wa Amazon, ambako sehemu kubwa ya ardhi iliyofyekwa imegeuzwa malisho ya ng'ombe. Taasisi yao ya utafiti wa anga, INPE, inapima ukataji wa msitu huo kwa setilaiti tangu mwaka 1988. Mwaka 2004 peke yake zilifyekwa kilomita za mraba zaidi ya 27,000. Kamera za angani zilisaidia kuwafuata wakataji, lakini masika ya kule mawingu hutanda miezi mizima, na chini ya mawingu shoka hufanya kazi bila kuonekana.

Ndipo inapoingia rada, ambayo haingoji jua wala anga kutakata. Hupeleka mawimbi yake yenyewe, kisha hupokea mwangwi wake. Penye majani na matawi, mawimbi hutawanyika na mengi hurudi. Penye ardhi tupu iliyo sawa, huteleza yakaenda zake, na picha ikawa nyeusi. Setilaiti ya Sentinel-1, ambayo Ulaya ilianza kuirusha mwaka 2014, hupita njia ileile kila baada ya siku 12. Tulifundishwa kwamba siku za mwizi ni arobaini. Mkata msitu wa leo hana hata hizo.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Rada ile huuona mti ukianguka, haimjui ndama. Ndama huzaliwa kwenye shamba lililofyekwa kinyume cha sheria, akapelekwa kwa mfugaji wa pili akue, kisha kwa wa tatu anenepeshwe. Huyu wa tatu shamba lake ni safi. Machinjio hukagua shamba la mwisho, hukuta miti imesimama, hununua. Picha haikusema uongo, uongo ulitembea kwa miguu minne. Ndiyo maana mwaka 2023 jimbo la Pará, hukohuko Amazon, lilitangaza mpango wa kumvisha kila ng'ombe hereni, ajulikane tangu alikozaliwa. Waligundua kwamba kuilinda ardhi bila kuifuata mali iliyotoka humo ni kufunga mlango na kuacha dirisha.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 imewataja ng'ombe wale na kahawa yetu hii pamoja: kisiuzwe huko kilichotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Basi jiulizeni, kahawa haina miguu, lakini ina magunia. Mtu akifyeka msitu wa hifadhi akapanda mibuni, akamletea jirani mavuno hayo ayauze kama yake mwenyewe, nukta yenu itaonyesha nini? Itaonyesha kihamba safi cha jirani. Yule ndama wa Amazon atakuwa amefika mlimani kwetu.

Nawausia mambo mawili. Kwanza, msimhukumu mtu kwa picha. Mvua ikilowesha udongo mwangwi hubadilika, na magogo yaliyolala huweza kung'aa kama msitu uliosimama. Picha ikiwatia shaka, subirini nyingine, kisha nendeni kwa miguu mkamsikilize mwenye shamba. Mkulima mdogo akiitwa mharibifu kwa kosa la mashine, atapoteza soko na jina, na jina halirudi upesi.

Pili, yajueni mavuno ya kila mmoja. Kihamba cha ekari moja kikileta magunia ya ekari nne, msifurahie uzito kwenye mizani. Ulizeni, hata kama mwenyewe ni mjomba wenu. Najua inavyouma kumuuliza mtu mzima swali la namna hiyo. Nimewahi kunyamaza kwa kuona haya, na msitu ulioondoka nikiwa nimenyamaza hamtauona ninyi.

Msimu ujao nikileta kahawa yangu, anzeni na mimi. Niulizeni kila gunia limetoka wapi, mbele za watu, ili wengine wasione vibaya kuulizwa.