Vazi Lenye Mwisho

Ras Kitau ni ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela, ng'ambo ya mkondo wa Lamu. Mahali kama hapa hakuna kitu kinachotupwa kikaenda mbali. Maji yakijaa hukichukua, yakitoka hukiacha kwenye mizizi ya mikoko; kikifukiwa mchangani, upepo wa kusi hukifukua. Ndiyo maana swali la nyuzi za nguo zetu, na la shuka tunazolalia zitaishia wapi, haliwezi kuachiwa wafanyabiashara na wataalamu wa mazingira peke yao. Naliona ni swali la dini: mja aliyekabidhiwa ardhi kuwa amana, ana haki gani ya kuvaa kitu ambacho hawezi kukikomesha?

Wengi watajibu upesi kwamba sharia hutazama stara, haitazami uzi. Si hivyo. Mwanamume wa Kiislamu ameharamishiwa hariri hata kama imemsitiri kuanzia shingoni hadi vifundoni. Kumbe kitu kilichofumiwa nguo kinaweza chenyewe kuwa na hukumu. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, walikwenda mbali zaidi: nguo ikiwa mchanganyiko wa hariri na pamba, walitaka ijulikane uzani, na hariri ikizidi, mwanamume haivai. Kwa watu wa visiwa hivi hilo halikuwa suala la vitabuni tu. Katika karne ya 16 Padri Monclaro, Mreno, aliandika kuhusu vitambaa vya hariri vya Pate ambavyo miji mingine haikuwa navyo. Palipofumwa hariri, bila shaka paliulizwa pia nani avae nini.

Sura ya An-Nahl, katika aya ya 80, inataja sufi na manyoya na nywele za wanyama kuwa ni vyombo vya nyumbani na starehe ya muda maalumu. Aya inayofuata inataja mavazi yanayomkinga mtu na joto. Sidai kwamba aya hizo zimeharamisha poliesta, wala mimi si mtoa fatwa. Ninachokiona ndani yake ni kadiri: nguo na tandiko ni neema, na neema hiyo ina muda. Sanda yetu inafuata kadiri hiyo hiyo. Imepokewa kwa Bi Aisha kwamba Mtume alikafiniwa kwa nguo tatu nyeupe za pamba kutoka Yemeni, na hadi leo pwani maiti huvishwa bafta. Mwili unarudi udongoni, na nguo yake inarudi nao. Poliesta haiingii katika mpango huo. Ilibuniwa na wanakemia Whinfield na Dickson huko Uingereza mwaka 1941, ikitengenezwa kwa malighafi za mafuta ya petroli, na sasa ni zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani. Nguo yake huvaliwa miaka miwili mitatu, kisha hubaki ardhini baada ya mvaaji na wajukuu zake. Hata ikiwa bado inavaliwa, humwaga vipande vyake: utafiti wa Mark Browne na wenzake, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa vazi moja linaweza kutoa nyuzi zaidi ya 1,900 kwa kufuliwa mara moja. Katika kisiwa, maji ya kufulia hayana safari ndefu kabla ya kufika baharini.

Kuna anayesema kwamba kudumu ni sifa, na kwamba nguo inayochakaa upesi ndiyo israfu. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Lakini kudumu na kutokwisha ni mambo mawili. Kumbi la nazi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni miezi kadhaa mpaka nyama yake ioze, kisha hupondwa na kusokotwa kamba. Kwa kamba hiyo ndiyo mafundi wa visiwa vya Lamu walishonea mbao za mitepe, majahazi ya zamani, bila misumari, wakatundika tanga la mkeka, na vyombo hivyo vikaendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Uzi uliovuka bahari hauwezi kuitwa dhaifu. Na kamba ilipochakaa, fundi alishona nyingine. Ile ya zamani haikumdhuru samaki wala mtoto.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nyuzi za asili nazo hazina usafi wa malaika. Bahari ya Aral, huko Asia ya Kati, ilikauka kwa sehemu kubwa kwa sababu mito yake miwili ilielekezwa kwenye mashamba, hasa ya pamba, tangu miaka ya 1960. Na mwaka 2020 watafiti waliochunguza maji ya bahari mbalimbali duniani walikuta kwamba nyuzi nyingi zinazoelea humo ni za pamba, sufi na jamii zake. Za plastiki zilikuwa kama asilimia 8 tu. Nayachukulia matokeo hayo kwa uzito. Pamba iliyotiwa rangi na dawa za kiwandani huweza kuchelewa kuoza, kwa hiyo anayeitetea lazima aulize pia imetiwa nini na imenyweshwa maji ya nani. Ila hoja hiyo haiipi poliesta udhuru. Inatuongezea sisi wajibu. Inatutaka tuwe wakweli pia. Shuka zinazouzwa kwa sifa ya mianzi mara nyingi ni reyoni: mwanzi umeyeyushwa kwa kemikali, mojawapo ikiwa sumu kwa wafanyakazi, mpaka hakuna cha mwanzi kilichobaki. Mwaka 2009 tume ya biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji kwa udanganyifu huo. Kwetu sisi huo ni ghushi, hata kama shuka yenyewe itaoza.

Je, mama mwenye watoto watano anayenunua dera la poliesta kwa sababu ni rahisi na hukauka upesi ametenda dhambi? Hasha. Wajibu hufuata uwezo, na dharura ina hukumu yake: chandarua chenye dawa ni cha plastiki, na kinaokoa roho za watoto, basi kitundikwe. Mzigo huu ni wa wenye hiari. Ni wa wenye majumba na hoteli za Ras Kitau wanaonunua mashuka, taulo na mapazia kwa robota; ni wa kamati za misikiti zinapochagua mazulia, na wa shule zinapochagua kitambaa cha sare. Pamba inalimwa Mpeketoni na Hindi, bara ya Lamu, na wakulima wadogo wanaotegemea mvua. Wenye uwezo wakiitaka nguo yake na kuilipa bei ya haki, mkulima huyo atapata sababu ya kuendelea kuilima.