HOFU YA KITABU ISIMWANGUKIE MTOTO



Hapa Basoko vitabu vya kutisha vinapita mkono kwa mkono. Mama mmoja wa kanisa alimaliza kimoja usiku, hakulala. Asubuhi akaanza kumwogopa yatima wa dada yake, kwa sababu mtoto huyo husema usingizini, kama yule wa kitabuni. Akamleta kwetu mashemasi, tumfungishe chakula, tumtoe uchawi.

Tulikataa. Tukampa mtoto chakula.

Hatusemi msisome. Zamenga Batukezanga wa nchi yetu aliandika *Bandoki*, yaani wachawi, na wengi tumeisoma. Lakini hadithi hutungwa na mtu. Paulo alimfundisha Timotheo kwamba roho ya woga haitoki kwa Mungu. Mwaka 1921 nabii Simon Kimbangu aliwaambia watu watupe hirizi. Hakuwaambia watupe watoto. Tena Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi.

Ukishikwa na hofu usiku, amsha wenzako, muombe pamoja. Mama yule sasa, mtoto akisema usingizini, anaamka kumfunika.

Bwana atulinde. Amina.