Mgeni Asiyeweza Kuaga

Wahenga wetu walituachia adabu ya kumpokea mgeni: siku mbili ahudumiwe, ya tatu apewe jembe. Adabu hiyo imejengwa juu ya jambo moja lisilotajwa, nalo ni kwamba mgeni ana miguu; akichoshwa na mwenyeji, huaga akaenda zake. Je, tunawiwa nini na mgeni asiyeweza kuaga?

Swali hili lilinijia Bagamoyo, nyumbani kwa ndugu yangu anayefuga samaki wa maji baridi katika tangi la kioo. Alikuwa amenunua samaki wawili wapya, akawatia katika ndoo, mbali na wenzao. Mwanawe akalalamika: "Baba, mbona wageni wanalala nje?" Baba mtu akamkumbusha ya mwaka uliopita, alipowamimina wageni tangini siku ileile kwa furaha ya kuwaona wakiogelea. Walikuwa na vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi, na muda si muda tangi zima likawa kaburi.

Tangu hapo kila mgeni hutengwa wiki tatu, akilishwa na kubadilishiwa maji. Siku ya kuingia hutiwa katika mfuko, mfuko ukaachwa uelee tangini robo saa hata joto lilingane, kisha ukaongezwa maji ya tangi kidogo kidogo. Ndipo samaki hutolewa kwa wavu, na maji aliyokuja nayo yakamwagwa nje.

Ng'ambo ya bahari, hapa Unguja, jambo hili si geni kwetu. Changuu, kisiwa chenye jina la samaki, kilijengewa gereza mwaka 1893, lakini majengo yake yakaja kutumika kama karantini ya wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Ukuta ni uleule, nia ni mbili. Kinachotenga karantini na gereza si kufuli, bali ni huruma ya mwenye ufunguo, na kumfikiria aliye ndani na aliye nje kwa pamoja.

Kwani waliotangulia nao wana haki yao. Katika miaka ya 1950 sangara alitiwa Ziwa Victoria, na furu waliokuwamo hawakufikiriwa. Akawa miongoni mwa sababu za kutoweka kwa aina zao nyingi.

Hata hivyo, deni kubwa limebaki. Samaki wa tangini hakuja, aliletwa. Bagamoyo, iliyopokea misafara ya pembe na ya watu waliofungwa katika karne ya 19, inaijua tofauti ya maneno hayo mawili. Sisemi kwamba samaki ni sawa na binadamu. Nasema kwamba aliyeletwa hawiwi shukrani. Anayewiwa ni aliyemleta, naye hulipa kila siku, kwa maji safi na kwa subira.

Basi asiyeweza kungoja wiki tatu, na asinunue samaki.