Miaka Unayoomba Itakuwa ya Nani?

Masomo: 2 Wafalme 20:1–21, 2 Samweli 19:31–39



Hakuna sala inayotutoka upesi kama ya kuombeana umri mrefu. Kwenye sherehe ya kuzaliwa, arusini, kwenye ibada ya shukrani ya mzee aliyetoka hospitali, wote twasema: Mungu akuongezee miaka. Na Amina inaitikwa kabla mtu hajafikiri ameitikia nini.

Leo tufikiri. Maana wapo wanaoitafuta miaka hiyo kwa fedha taslimu. Mwaka 2013 Google ilianzisha kampuni iitwayo Calico, ambayo kazi yake ni kuuchunguza uzee na kutafuta jinsi ya kuuzuia. Mwaka 2022 ikazinduliwa Altos Labs, kwa mtaji wa dola bilioni 3, itafute namna ya kuzirudishia seli za mwili ujana wake. Wako wanaotangaza waziwazi kwamba binadamu ataishi miaka 500, hata 1,000. Sitawacheka, wala sitabisha kwamba watashindwa. Ninalo swali zito kuliko la kushinda au kushindwa kwao. Wakikuletea miaka hiyo mlangoni kesho asubuhi, itakuwa ya nani?

Mfalme aliyeongezewa

Yuko mtu mmoja katika Maandiko aliyeomba nyongeza akapewa. Hezekia, mfalme wa Yuda, aliugua ugonjwa wa kufa. Alikuwa na miaka 39. Hesabu mwenyewe: alitawazwa akiwa na miaka 25, akatawala 29, na 15 ya mwisho ndiyo nyongeza. Nabii Isaya akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa maana hataishi. Mfalme akageukia ukuta, akaomba, akalia sana. Na kabla nabii hajatoka nje ya jumba, Mungu akamrudisha na habari nyingine: machozi yameonekana, miaka 15 imeongezwa.

Sikia vizuri. Mungu hakumkemea kwa kulia. Kutaka kuishi si dhambi, na Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro. Mama anayeomba aione siku ya mwanawe kuhitimu darasa la saba, kijana mwenye saratani anayeomba mwaka mmoja tu, hao wote Mungu anawasikia. Tena Hezekia alikuwa mfalme mwema. Aliibomoa ibada ya sanamu. Alitobolea maji njia ndani ya mwamba, chini ya Yerusalemu, mfereji wa zaidi ya mita 500, mji usife kiu adui akiuzingira. Maji yanapita humo hata leo, karne 27 baadaye.

Basi mtu mwema namna hii aliifanyia nini nyongeza yake?

Wajumbe wakaja kutoka Babeli, wamebeba barua na zawadi, kumpongeza kwa kupona. Mfalme akawafungulia ghala. Akawaonyesha fedha, dhahabu, manukato, mafuta ya thamani na nyumba ya silaha. Hakubakiza kitu. Miaka aliyopewa kwa rehema akaigeuza maonyesho ya mali. Isaya akarudi na neno la kutisha: yote waliyoyaona yatachukuliwa Babeli, na wana wako watatumikishwa katika jumba la mfalme wa huko. Na Hezekia akajibu nini? Akasema neno hilo ni jema! Moyoni alikwisha kujifariji kwamba siku zake yeye zitakuwa za amani.

Ole wetu, wapendwa! Wanawe watabebwa utumwani, naye anashukuru kwamba hatakuwapo. Watu husema mwanadamu akiishi sana ataijali kesho, kwa sababu atakuwamo ndani yake. Hezekia ndiye aliyekuwa na kile ambacho sisi hatuna: aliijua hesabu ya miaka yake, alipewa uhakika na Mungu mwenyewe. Na uhakika ule haukumpanua moyo hata kidogo. Ulimpa mpaka, na kilichokuwa ng'ambo ya mpaka hakikumhusu. Mpe mtu huyohuyo miaka 500, utakuwa umeusogeza mpaka tu. Moyo utabaki palepale.

Liko jingine. Manase mwanawe alipoingia kitini alikuwa na miaka 12. Toa 12 katika 15, utajua alizaliwa lini. Alizaliwa ndani ya nyongeza. Huyu ndiye aliyeijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia, aliyempitisha mwanawe motoni. Msomaji wa Biblia atanijibu: lakini Manase yumo katika ukoo wa Yesu, Mathayo sura ya kwanza! Kweli yumo. Hata Mambo ya Nyakati inasema Manase alitubu, na babaye pia alijinyenyekeza kwa ajili ya kiburi chake. Lakini sifa hiyo ni ya neema ya Mungu, ambayo huokota hata vilivyovunjika. Miaka haikumwokoa yeyote kati yao.

Wingi wa siku

Mtazame Methusela, aliyeishi miaka 969, zaidi ya mtu yeyote aliyetajwa katika Maandiko. Habari zake katika Mwanzo 5 ni mistari mitatu: alizaa, akaishi, akazaa tena, akafa. Kisha mtazame Mwana wa Adamu. Luka anasema alianza kazi yake akiwa na miaka kama 30, na haikuchukua muda akawa msalabani. Mistari mitatu kwa karne tisa. Injili nne kwa miaka michache. Bado unapima maisha kwa urefu?

Wahenga wetu walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na hawakusema mengi hayo yote ni matamu. Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, umri mrefu kuliko wote uliothibitishwa duniani. Binti yake wa pekee alifariki mwaka 1934. Mjukuu wake wa pekee akafariki mwaka 1963. Mama huyu aliishi miaka 34 baada ya kumzika mjukuu, na hakuwa na mzao mwingine. Mwenzetu, unapoomba miaka mingi, unaomba pia makaburi mengi. Je, umejiandaa kuwazika wote wanaokuita kwa jina lako la utotoni?

Utasema: hapana, dawa ikipatikana tutaishi wote. Sawa. Njoo basi chini ya ardhi ya Kenya, Ethiopia na Somalia, ukamtazame fuko asiye na manyoya. Wachunguzi wa uzee wanamfuga katika maabara zao, kwa sababu huweza kuishi zaidi ya miaka 30, hali panya wa kimo chake akifika miaka minne ni ajabu. Lakini angalia pia anavyoishi. Katika kundi zima jike mmoja tu ndiye anayezaa. Muda wote anaoshika enzi, majike wengine uzazi wao umefungwa. Wanachimba, wanabeba, wanatumika. Zamu ya mwingine haiji mpaka yule malkia aondoke.

Sasa nieleze kwa nini nimelileta hili kanisani. Tunawajua malkia wa namna hiyo, na wengine tumeketi nao benchi moja. Mzee ana miaka 80, wanawe wana nywele nyeupe, na shamba bado halijagawanywa. Kila mtoto analima kwa kuomba ruhusa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alishika daftari kabla vijana wa kwaya hawajazaliwa. Na sisi watumishi tusijifiche nyuma ya madhabahu! Wapo wachungaji wanaohesabu muda wa kustaafu kama hesabu ya maadui. Kama miaka 80 imetushinda kuachia, tutafanya nini na 800? Dhalimu leo ana mwisho mmoja ambao hawezi kuuhonga. Mwondolee huo, na watumwa wake watamwekea tumaini gani?

Hospitali si adui

Asinisikie mtu vibaya akatupa dawa zake za presha. Shetani anapenda mahubiri ya namna hiyo. Wakati wa Uhuru, umri wa kuishi uliotarajiwa kwa mtoto wa Tanganyika haukufika miaka 50. Leo Tanzania imevuka 60. Miaka hiyo imeletwa na chanjo, vyandarua, wakunga na maji safi. Tulio wakubwa tunakumbuka miaka ya 1990, majeneza ya vijana kila Jumamosi, bibi akibaki na wajukuu saba. Kisha zikaja dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wazazi wakabaki hai kulea watoto wao. Hizo ni nyongeza za Mungu! Hata Hezekia alipoponywa, Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe kwenye jipu.

Tofauti iko hapa. Nyongeza ile ya dawa za UKIMWI ilimrudisha mama kwa watoto wake. Ilikuwa na mwenyewe wa pili tangu siku ya kwanza. Na bado kazi haijaisha: mwaka 2022 watoto milioni 4.9 duniani walifariki kabla ya kufikisha miaka mitano, wengi kwa maradhi ambayo tiba yake inajulikana. Kabla hujamwombea tajiri mwaka wake wa 200, mwombee mtoto huyu mwaka wake wa sita. Na ukiisha kuomba, inuka ufanye.

Mzee aliyekataa

Mtazame sasa Barzilai wa Gileadi. Mfalme Daudi alipomkimbia mwanawe Absalomu, mzee huyu tajiri alikuwa miongoni mwa waliomfuata Mahanaimu na vitanda, ngano, shayiri, maharage, asali na kondoo, kwa kuwa watu walikuwa na njaa jangwani. Vita vilipokwisha, mfalme akamwalika: vuka nami, nitakulisha Yerusalemu. Fikiri mwaliko huo! Meza ya mfalme, waimbaji, tabibu wa jumba. Barzilai alikuwa na miaka 80, akakataa. Alisema ulimi wake hauonji tena ladha, masikio hayasikii waimbaji, na ya nini amlemee mfalme. Akaomba arudi akafe mjini kwake, karibu na kaburi la babaye na mamaye. Kisha akamsogeza mbele kijana: huyu hapa Kimhamu, yeye avuke.

Mtu huyu hakuchoka na maisha. Mtu aliyechoka habebi ngano mpaka Mahanaimu. Alikuwa ameshiba siku kwa sababu alikwisha kuwapa watu siku zake, na nafasi yake ya mwisho akampa kijana. Matunda yake? Daudi alipokuwa anakufa alimwagiza Sulemani wana wa Barzilai wale mezani pake. Mfalme aliyeng'ang'ania miaka aliwaachia wanawe Babeli. Mzee aliyekataa aliwaachia wanawe meza.

Basi unaniuliza kama miaka 1,000 inafaa kutamaniwa? Nakujibu: kwa mwenye moyo wa Hezekia wa ghalani, ni laana ndefu, yake na ya wanaomsubiri. Na mwenye moyo wa Barzilai haihitaji, maana 80 imemtosha. Uzima wa milele tulioahidiwa haukuwa kamwe kurefusha huku kujipenda. Ulinunuliwa na aliyeutoa wake.

Kwa hiyo nakusihi, kwa jina la Yesu, tengeneza mambo ya nyumba yako. Neno aliloambiwa Hezekia kabla ya nyongeza halikufutwa na nyongeza. Andika wosia wiki hii, nawe ungali una nguvu. Gawa shamba ukiwa hai, usiwaachie wanao mahakama. Mfundishe kazi yako mtu anayeweza kukushinda, na akikushinda umpigie makofi. Mwenyekiti, kabidhi daftari. Bibi, waambie wajukuu yale ambayo ukifa nayo yamekufa. Kijana, usidhani haya ni ya wazee: Hezekia alikuwa na miaka 39. Mpeleke mtoto akachanjwe, na wa jirani umpeleke pia.

Na usiku ukipiga magoti kuomba miaka, usitaje idadi kwanza. Taja jina. Nani Kimhamu wako? Ukikosa jina la kutaja, omba hilo kwanza, maana miaka bila mtu wa kuipokea hata Mungu akikupa itakuozea mkononi. Ukilipata, usingoje nyongeza. Mshike mkono kesho, umvushe.

Amina.